Kijiji Kilichoshiba

Baba yangu alikuwa mtendaji wa kata, akastaafu, akawa diwani. Ukienda Mugoma leo ukauliza habari zake utaambiwa hivyo hivyo, kwa sauti ya sifa, na watakuonyesha bomba la maji alilolipigania. Mimi nina mdomo, nitaongeza sehemu ambayo haisemwi pale: sisi ni Watwa, watu wa vyungu, na katika maisha yake yote Baba alitaka kitu kimoja tu kutoka kwa watu wa kwao. Alitaka waje nyumbani kwake, wakae, wanawe mikono, wale chakula alichopika mke wake.

Msicheke. Najua kuna watu wanataka magari.

Kwetu Mugoma, huko Ngara, bibi yangu mzaa baba alifinyanga vyungu kwa udongo wa bondeni, na mlima mzima ulipikia maharage kwenye vyungu vyake. Waliopika ndani ya kazi ya mikono yake hawakuweza kula chakula kilichopikwa na mikono hiyo hiyo. Walinunua chungu, wakifika nacho kwao wanakijaza majani makavu na kuyawasha, kumtoa bibi ndani ya chungu, ndipo wanakipikia. Bibi alijua. Alikuwa akiona moshi kwa jirani anasema, "Wananichoma huko," halafu anaendelea kukanda udongo wake.

Ila watu wa kwetu ni wastaarabu, hilo niliseme. Hakuna aliyetutukana usoni. Ukimkaribisha mtu chakula anakwambia neno moja tu: nimeshiba. Mtu anatoka shambani, jembe begani, midomo imemkauka, tangu alfajiri hajatia kitu tumboni. Karibu chakula, ndugu. Nimeshiba, mama, asante sana. Wengine walikuwa na tumbo linalowasumbua, wengine dawa walizokatazwa kuchanganya na maharage. Mzee mmoja jirani yetu alikuwa akiweka mkono kifuani kabisa, "Nimekura, mama, nimekura," maana kwetu l na r zinaishi nyumba moja. Mama alirudi jikoni na sahani yake imejaa vilevile, anasema, "Leo tena kijiji kizima kimeshiba. Mvua ingekuwa kama shibe yao tungevuna mwaka mzima." Tulicheka, sisi watoto. Mama alikuwa mchekeshaji, na mtu akiwa mchekeshaji watu hawamuulizi kama anaumia.

Jumapili tulikwenda kanisani na tulipanga foleni ya komunyo pamoja nao wote, tukafungua midomo kwa padri mmoja. Misa ikiisha kila mtu anashika njia ya kwake.

Baba alisoma shule ambayo kikombe chake cha uji kilitobolewa alama kwa msumari kwenye mkono wa kushikia, kisije kikachanganyika na vya wenzake. Alinisimulia mara moja tu, akiwa anapiga pasi shati, na hakuinua macho kutoka kwenye shati. Alifaulu. Akawa karani, akawa mtendaji wa kijiji, mwisho akapewa kata, Nyarubungo, wilaya ya Biharamulo. Tulihamia huko nikiwa mtoto wa kutumwa dukani, na huko, jamani, hakuna aliyetujua.

Siku za mwanzo kabisa mama mmoja jirani alikuja kutusalimia, mtoto mgongoni. Mama akamwambia karibu chakula kwa mazoea tu, kama mtu anavyosema habari za asubuhi, na hapo hapo akageuka arudi jikoni kwa sababu jibu alilijua. Yule mama akasema, "Asante, mmepika nini?" Akamfungua mtoto, akakaa mkekani, akaomba maji anawe. Mama alisimama na upawa mkononi kama amesahau njia. Alipakua, akaleta, halafu akarudi jikoni na hakutoka. Yule mgeni aliniuliza kwa wasiwasi, "Vipi, nimewapunja?" Nikaenda kuangalia. Mama alikuwa ameshika ukingo wa meza analia bila sauti, na aliponiona alinifukuza niende nikamwongeze mgeni mboga.

Miaka ya Nyarubungo ndiyo miaka ya mama yangu. Watu walikula kwetu mpaka Baba akawa anauliza kama sisi ni hoteli. Wasukuma wenye ng'ombe waliokuja kwa Mtendaji na kesi za malisho walikula, wakulima waliokuja kuwashtaki walikula, na wote walikula sahani moja kabla ya kesi, maana Mama alisema mtu mwenye njaa hasikii hukumu. Harusi ikiwepo wanamfuata yeye. Mpishi mkuu! Nilimwona amefunga kitenge kiunoni, anawafokea wanawake wenzake kuhusu chumvi, na wao wanamcheka na kumtii. Alinenepa na kupendeza.

Baba naye alikuwa mtendaji hasa. Shati limenyooka, viatu vinang'aa hata masika, baraza lake linaanza saa iliyoandikwa na mchelewaji anasimama. Alipenda kusema, "Serikalini hakuna kabila." Alilisema sana, nadhani kwa sababu lilikuwa kweli kwake pale pale ofisini. Lakini akiulizwa kwao ni wapi anajibu Ngara. Ngara sehemu gani? Huko milimani. Basi, mazungumzo yanahamia kwenye pamba.

Alipostaafu nilikuwa tayari nina mgahawa wangu Lusahunga, pale malori yanapopumzika kabla ya kushika njia ya Rusumo. Nilidhani watabaki Nyarubungo wazeeke kwa amani. Wapi! Baba alikuwa na mpango wake. Nilikuwepo siku aliyoutoa. Alisema anarudi Mugoma kugombea udiwani.

Mama aliweka chini ungo wa mchele. "Hapa watu wanakula," alisema. "Kule unanipeleka nikampikie nani?"

"Mama watoto, nimeongoza watu wa wenzangu miaka yote hii. Wacha niongoze wa kwetu."

"Waongoze. Mimi niache hapa."

"Nikiwa diwani watakula kwako. Nakuahidi. Watakula mpaka uwachoke."

"Thubutu," akasema Mama, akachukua ungo wake.

Lakini alimfuata. Alimfuata kwa sababu alimpenda, na kwa sababu, nafikiri, neno lile lilimwingia. Watakula kwako. Alifika Mugoma akapaka jiko udongo upya, akajenga mafiga mapya mwenyewe, kwa kichaa kidogo cha mtu anayesubiri wageni. Wageni walikuja kweli. Walikuja kumsalimia Mtendaji mstaafu, shikamoo mzee, marahaba, walikaa barazani wakazungumza siasa mpaka jua linageuka. Sahani ikitokea mlangoni wanasimama. Walikuwa wameshiba wote, na watoto wao.

Kulikuwa na mtu wa chama pale, mjanja, aliyejifanya mkono wa kulia wa Baba. Yeye ndiye aliyemwambia. Baba mwenyewe alinisimulia baadaye, kwa fahari, kama mtu anayeeleza jinsi alivyovuka mto. Mzee, watu wanakukubali, alimwambia. Elimu unayo, serikali unaijua. Tatizo ni dogo tu. Mtu hawezi kuomba kura kwa watu ambao hawajawahi kula kwake, watamwona mgeni. Fanya misa ya shukrani ya kustaafu, halafu chakula nyumbani. Watafutwe wapishi kutoka familia nyingine, waje na sufuria zao, watu wawaone kwa macho wakipika. Na mama, yule bwana akamalizia, mama apumzike siku hiyo.

Mimi sikujua lolote. Nilichojua ni kwamba asubuhi moja basi lilisimama Lusahunga, akashuka Mama na kikapu chake, amevaa khanga za kazi.

"Haya, nimekuja," akasema. "Baba yako kaniambia msaidizi wako ameacha kazi na wewe umezidiwa."

"Msaidizi gani ameacha?"

Msaidizi wangu alikuwa nyuma yangu anaosha sahani. Mama alimtazama, akamwitikia shikamoo yake, halafu akanitazama mimi. Nilichukua simu nikampigia Baba hapo hapo. Alichelewa kupokea, na alipopokea kulikuwa na muziki na makelele ya watu.

"Baba, kuna nini hapo?"

"Shukrani kidogo, mwanangu. Misa imekwisha, tuko nyumbani."

"Na Mama umemleta huku kufanya nini?"

"Mama yako apumzike. Amechoka."

Kupumzika! Nilitaka kumwambia maneno ambayo mtoto hamwambii mzazi. Lakini Baba alikuwa hanisikii. Alikuwa anapaza sauti kushinda muziki, na sauti yenyewe sikuwahi kuisikia kwake, ya mtoto aliyeshinda mchezo. "Wanakula, mwanangu! Ungewaona! Wamejaa uani, wengine wamekaa kwenye migomba. Hata yule mzee jirani. Amekula, ameongeza!"

Simu yangu ilikuwa ya sauti kubwa, mambo ya kazi ya kelele. Mama alisikia kila kitu. Nilikata bila kuaga.

Alikaa kwenye benchi la wateja. Baada ya muda akauliza ndizi ziko wapi, na siku hiyo akapika yeye. Madereva wa malori hawaulizi ukoo wa mtu. Wanauliza kama kuna pilipili. Mrundi mmoja alikula, akasafisha sahani kwa kidole, akaja mpaka jikoni kumshukuru Mama kwa lugha yao, na lugha yao na yetu zinasikilizana. Mama akamwongezea bila kumwambia. Alibaki kwangu siku chache kisha akarudi Mugoma, na sikusikia wakigombana. Natamani wangegombana.

Baba alishinda. Alishinda vizuri, watu walimbeba juu juu. Kesho yake walifurika nyumbani kumpongeza, na Mama alikuwa amepika tangu kunakucha, maana ahadi ilisema akiwa diwani, na sasa alikuwa diwani. Nilimsaidia kubeba masinia. Sitasahau yule mama wa kwaya, mnene, mwenye kilemba cha bluu, alivyomshika Mama mabega akamwambia kwa sauti ya upendo kabisa, "Aa, mama Mheshimiwa, leo tumeshiba kwa furaha!" Wenzake wakapiga vigelegele. Loo! Nilitaka kumwaga lile sinia. Mama akacheka nao, akawauliza kama basi wanywe hata maji, na maji nayo walikuwa wameshiba.

Tangu hapo Mama aliacha kumwita Baba kwa jina lolote la nyumbani. Alimwita Mheshimiwa. Mheshimiwa, maji ya kuoga tayari. Baba alidhani ni heshima.

Na hapa ndipo ninapomkasirikia Baba mpaka leo, ingawa nampenda. Aliamini ametimiza ahadi. Aliona njia imepatikana, akaifanya desturi. Kukiwa na wageni, wanawake wale wale wanaitwa, wanakuja na sufuria zao, wanapikia uani, watu wanakula nyumbani kwa Diwani. Mama anavishwa kitenge kipya anakalishwa sebuleni kwenye kochi. Mke wa Mheshimiwa hapiki, si mnajua. Baba alipita kati ya watu anawahimiza waongeze, na akinitazama usoni macho yanamng'aa, kwamba unaona? Wanakula. Na Mama pale kwenye kochi, mikono mapajani, anaangalia mlango wa jiko lake.

Udiwani wenyewe aliufanya kwa moyo, siwezi kumnyima. Alipanda kila mlima. Aligombana na halmashauri mpaka maji yakafika, na darasa lile lenye bati jekundu ni jasho lake. Watu walimwita baba yetu. Nilisikia mwenyewe, sokoni, mtu anasema, "Yule hata si kama wao." Alisema akimsifu, na mimi nikamuuliza hao wao ni akina nani, akaanza kuulizia bei ya nyanya.

Mama alianza kuvimba miguu. Mwanzo tukasema ni joto, halafu hospitali wakasema moyo. Nilimtaka aje akae kwangu. Alikuja mara mbili tatu, na kila akija anashika mwiko kabla hajaketi, mpaka nikawa namfokea. Mara ya mwisho hakuweza kuja. Alifia Mugoma, asubuhi, akiwa ameegemezwa mito, wakati Baba yuko kwenye kikao.

Msiba ulikuwa mkubwa. Msiba wa mke wa Diwani! Wanawake wa mlima wote walikuja kupika, kama inavyotakiwa, maana wafiwa hawashiki moto. Ila walikuja na sufuria zao, ndoo zao za maji, hata kuni walibeba. Na hawakupikia kwetu. Walipanga mafiga kwa jirani, ng'ambo ya mpaka wa migomba, wakawa wanapakua huko na kuvusha sahani. Jiko la Mama lilikuwa wazi kabisa, halina hata kitasa. Hakuna aliyeingia kuchukua hata kijiko.

Niliingia mimi. Desturi iseme inavyosema. Niliwasha moto kwenye mafiga aliyoyajenga, nikapika maharage yake na ndizi, machozi na moshi pamoja, nikapakua nikatoka. Nilimpitia kila mtu uani. "Pole sana, dada. Nimeshiba." "Pole, mwanangu. Nimetoka kula sasa hivi." Ilikuwa kweli safari hii, walikuwa wametoka kula, kwa jirani. Nilirudi na sinia lililojaa nikaliweka juu ya meza ya jikoni na nikala peke yangu kwa mkono, nimesimama, mpaka tumbo likauma.

Makaburini Baba alipewa nafasi ya kutoa shukrani. Nilimwomba Mungu amfanye aseme juu ya lile jiko. Nilijua akisema neno moja tu, kwa cheo chake, mbele ya jeneza, watu wangelibeba mpaka makwao. Alitoa miwani, akaishukuru serikali, akakishukuru chama, akawashukuru mapadri. Mwisho akawashukuru majirani kwa upendo mkubwa waliotuonyesha, hasa kina mama, kwa chakula kizuri. Sauti haikumtetemeka hata kidogo.

Siku tuliyomaliza matanga watu walitawanyika mapema. Tulibaki mimi na yeye barazani. Alikuwa amevaa shati lililokunjamana, mara ya kwanza kumwona hivyo, na mkononi alikuwa na kikombe cha chai asichokinywa.

"Watu walikula vizuri," akasema.

Mungu anisamehe, nililipuka. "Walikula kwa jirani, Baba! Walikula kwa jirani, kwenye msiba wa Mama! Hata maji ya kunawa walikuja nayo. Wewe hukuona?"

Nilifikiri atanifokea kama mtendaji wa zamani, nisimame, nimechelewa, nimevunja baraza. Alitazama kule ng'ambo ya migomba, ambako mafiga ya jirani yalikuwa bado hapo na majivu yake.

"Niliona," akasema.

Jua lilifika miguuni mwetu. Halafu akauliza swali ambalo hakuwahi kuniuliza miaka yote ile, tangu siku nilipomkatia simu.

"Ile siku ya shukrani. Alipokuwa kwako Lusahunga. Alisema nini?"

Ningeweza kumwambia hakusema kitu. Alikuwa mzee, alikuwa amefiwa, na mimi si mnyama. Lakini Mama naye alikuwa mama yangu, na hakuwa na mwingine wa kumsemea.

"Alisema, 'Kumbe hata kwetu wanaweza kula. Ila mimi nisiwepo.'"

Baba aliweka kikombe chini, polepole, kama kinaweza kuvunjika.

"Alilia?"

"Hapana, Baba. Aliniomba kisu amenye ndizi."

Baba akajifunika uso kwa mikono yote miwili. Nilisogeza kiti changu karibu naye, sikumshika, nikamwacha alie.